Kura ya kauli moja: kisa cha Amanda Lee na timu ya Blue Angels

Tarehe 18 Julai 2022 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitangaza majina ya maofisa wapya wa Blue Angels, timu yake ya maonyesho ya angani. Miongoni mwao alikuwamo Luteni Amanda Lee, mwenyeji wa Mounds View, Minnesota. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1946, na kwa miaka 76 hakuna mwanamke aliyewahi kuchaguliwa kurusha moja ya ndege zake sita za kivita zinazofanya onesho.

Habari ya aina hii huzua maswali mawili papo hapo. La kwanza ni kwa nini ilichukua miaka yote hiyo. La pili watu huliuliza kwa sauti ya chini kidogo: alipita mwenyewe, au alipitishwa? Naona maswali yote mawili hujibiwa ovyo, tena kwa kosa lilelile la kutazama peke yake siku ya kura, siku ambayo maofisa wa timu humchagua mwenzao mpya. Kura ni mlango wa mwisho. Milango iliyoamua nani atafika mbele ya wapigakura ilifunguliwa, au ilifungwa, miaka mingi nyuma.

Kwanza tuielewe timu. Blue Angels iliundwa kwa agizo la Admeri Chester Nimitz baada ya Vita Kuu ya Pili, ili wananchi wasiwasahau marubani wa wanamaji wakati wa amani. Kiongozi wa kwanza alikuwa Roy "Butch" Voris, na ndege za kwanza zilikuwa Hellcat za mapangaboi. Leo makao yake ni Pensacola, Florida, na tangu msimu wa 2021 inarusha jeti za kivita za Super Hornet. Ndege namba 1 ni ya kiongozi, ambaye kila mtu humwita Bosi. Namba 2 hukaa kulia kwake, namba 3 kushoto, namba 4 nyuma yake, na hao wanne ndio huunda umbo la almasi ambalo watu hulijua kwenye picha. Namba 5 na 6 hufanya mambo yao wawili, ikiwamo kupishana ana kwa ana kwa mwendo wa kutisha. Namba 7 huwa msimulizi wa onesho kwenye kipaza sauti, na huwarusha wageni wanaoalikwa.

Ofisa hukaa miaka miwili au mitatu, kisha hurudi kwenye vikosi vya kawaida. Kwa hiyo kila mwaka kuna nafasi za kujaza. Na hakuna rubani wa akiba. Mmoja akiugua, timu hupaa pungufu. Bosi akiugua, onesho linafutwa. Jambo hili dogo la kiutawala lina uzito mkubwa katika uchaguzi, maana anayeingia anakuwa nguzo, hana wa kumshikia nafasi.

Sharti la saa 1,250

Anayeomba kurusha ndege za onesho lazima awe rubani wa Wanamaji au wa Marine (jeshi dada la Wanamaji) aliyeko kazini, aliyefuzu kutua kwenye manowari ya kubebea ndege, na awe na saa zisizopungua 1,250 kwenye ndege za kivita za jeti. Tuzichukue kwa uzito saa hizo. Safari moja ya mafunzo au doria ikichukua kama saa moja na nusu, saa 1,250 ni safari zaidi ya 800. Hazipatikani kwa haraka. Rubani hufunzwa, huvalishwa nishani ya mabawa, hupelekwa kikosi cha kujifunzia aina ya ndege atakayorusha, ndipo hujiunga na kikosi cha vita na kwenda baharini. Anapofika saa 1,250 huwa tayari ametua kwenye sitaha usiku, katika bahari iliyochafuka, mara nyingi kiasi kwamba jeshi halina shaka tena kama anajua kurusha.

Na ndiyo maana Blue Angels hawamfanyii mwombaji mtihani wa kurusha ndege. Wengi hushangaa wakisikia hivyo. Hakuna siku ya kumpandisha mtu kwenye ndege akaonyeshe mikono yake. Uwezo wa kurusha umeshapimwa na vikosi alikotoka. Kazi iliyobaki ni kumpima mtu.

Mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja kwenye timu yenyewe, pamoja na rekodi yake ya urubani na barua za waliofanya naye kazi. Kisha huifuata timu kwenye maonyesho. Hukaa chumbani wakati wa maelezo kabla ya kupaa, hukaa tena wakati wa tathmini baada ya kutua, hula na timu, huzungumza na maofisa na mafundi. Wachache wanaobaki kwenye mchujo huitwa Pensacola mwezi Julai, wiki ambayo timu hufanya onesho la ufukweni hapo nyumbani kwao, wakafanyiwe usaili rasmi. Baadaye maofisa wa timu huketi na kuchagua, na uamuzi lazima uwe wa kauli moja. Asipokubaliwa na mmoja tu, basi.

Wanachokiona chumbani

Ukitaka kujua maofisa hao wanatafuta nini, angalia wanavyojiandaa kupaa. Marubani sita hukaa kuzunguka meza. Hufumba macho. Mkono wa kulia huwekwa kana kwamba umeshika usukani, wa kushoto kana kwamba umeshika wenzo wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Bosi huanza kutamka amri zilezile atakazotamka angani, kwa mahadhi yaleyale, neno likivutwa pale linapovutwa na kukatwa pale linapokatwa, na wengine husogeza mikono pamoja naye. Onesho zima hurushwa hivyo, mezani, kabla hata ya kuvaa kofia. Anayekaa kwenye kiti cha pembeni akitazama anajifunza, lakini naye anatazamwa: ametulia? Anaona aibu? Anasubiri tu ipite ili azungumze na watu?

Tathmini baada ya kutua ni nzito zaidi. Video za onesho huchezwa, na kila rubani hutaja makosa yake mwenyewe kabla hajatajiwa. Bosi naye hutaja ya kwake. Cheo hakimkingi mtu. Rubani wa kivita amezoea kusifiwa, na si kila hodari anaweza kukaa kila siku, msimu mzima, akisema mbele ya wenzake "hapa nilichelewa, hapa nilikaa juu mno", kisha akapokea na ya nyongeza bila kununa. Huyo asiyeweza, saa zake 3,000 hazitamsaidia.

Kwa nini waende mbali hivyo? Kwenye umbo la almasi, ndege zinaweza kukaribiana hadi sentimita 45 hivi. Anayerusha namba 3 hatazami ardhi. Macho yake yako kwenye alama fulani za ndege ya Bosi, na kazi yake ni kuzishikilia alama hizo pale zilipo, ndege ikigeuka, ikipinduka au ikishuka. Umbali wa kutoka ardhini ni wa Bosi kuujua. Halafu kuna usukani wenyewe: umefungwa springi inayouvuta mbele kwa nguvu ya kilo 18 hivi, ili rubani awe anavuta muda wote na mkono usipate nafasi ya kucheza. Mkono hulazwa juu ya paja ili utulie. Kwa sababu hiyo hawavai ile suti ya hewa inayobana miguu na tumbo wakati uzito wa mwili unapoongezeka mara saba kwenye kona. Suti ikijaa hewa ingeusukuma mkono, na ndege ya jirani iko sentimita chache tu pembeni. Huizuia damu isishuke kutoka kichwani kwa misuli yao wenyewe, kwa kukaza miguu na tumbo na kupumua kwa kubana.

Gharama ya hayo inajulikana. Aprili 2007, huko Beaufort, South Carolina, Kevin Davis aliyekuwa namba 6 alipoteza udhibiti wa ndege akiwa kwenye kona kali ya kuwarudia wenzake, na uchunguzi ulihusisha ajali hiyo na athari ya nguvu hizo mwilini. Juni 2016, huko Smyrna, Tennessee, Kapteni Jeff Kuss wa Marine, naye namba 6, aliianza pindua yake akiwa chini mno na kwa mwendo mkubwa mno, na uchovu ulitajwa miongoni mwa mambo yaliyochangia. Nawataja kwa heshima, kwa sababu vifo vyao vinaeleza kura ya kauli moja kuliko maelezo yoyote ya kanuni. Timu isiyo na rubani wa akiba inamweka kila mtu katika kishawishi cha kunyamaza siku ambayo mwili haumo. Maofisa wanahitaji mwenzao atakayesema "leo siko sawa" huku maelfu ya watu wakisubiri uwanjani. Sifa hiyo haiandikwi kwenye kitabu cha saa za kuruka.

Kwa hiyo mimi naitetea kura ya kauli moja. Anayepiga kura ya hapana na kushindwa na wengi angelazimika kupaa miezi mitatu ya mazoezi na msimu mzima akiwa karibu kugusana na mtu asiyemwamini. Hilo haliwezekani kwa usalama.

Njia ya Lee

Sasa turudi kwa Lee mwenyewe. Alijiunga na Jeshi la Wanamaji mwaka 2007 akiwa askari wa kawaida, si ofisa. Kazi yake ilikuwa fundi wa elektroniki za ndege. Mwaka 2009 alichaguliwa kwenye mpango unaowapeleka askari wa ngazi hiyo chuo kikuu ili wawe maofisa, akasoma biokemia Old Dominion University mjini Norfolk, Virginia, akahitimu 2013. Mabawa ya urubani aliyapata 2016. Alipotangazwa 2022 alikuwa VFA-106 "Gladiators", kikosi cha kituo cha Oceana, Virginia, kinachowafundisha marubani Super Hornet kabla hawajaenda kwenye vikosi vya vita.

Hesabu basi. Kutoka siku aliyovaa sare hadi siku ya tangazo ni miaka 15. Kutoka mabawa hadi tangazo ni miaka sita, na ndani ya hiyo sita ndimo zilimotimia saa 1,250. Anayeuliza kama alipitishwa anapaswa kuonyesha ni mlango upi kati ya hiyo aliobebwa kuupita. Saa za kuruka haziongezwi na mtu kwa huruma. Sitaha ya manowari haijui nani anatua.

Kuna jambo moja katika njia yake ambalo nalipa uzito kuliko ule wa kuwa mwanamke wa kwanza. Rubani wa kawaida kabla ya kupanda huizunguka ndege yake akiikagua. Rubani wa Blue Angels hafanyi hivyo. Hutembea kwa mstari na wenzake hadi kwenye ndege, humpa mkono au saluti mkuu wa mafundi wa ndege ile, hupanda, hufunga. Ameiamini kazi ya mafundi moja kwa moja. Timu ina mafundi na watumishi zaidi ya mia moja, wengi wao askari wa ngazi aliyoanzia Lee. Sidai kwamba hilo ndilo lililompa kura; yaliyosemwa chumbani hubaki chumbani. Nasema tu kwamba kwa timu inayowapima watu kwa kuaminiana, mtu aliyewahi kuwa upande wa pili wa saluti ile analeta kitu ambacho chuo cha maofisa hakikupi.

Miaka 76, au 29?

Swali la kwanza ndilo gumu zaidi, na hapa milango ya nyuma ndiyo inayozungumza. Mwanamke wa kwanza kabisa kupata mabawa ya urubani wa wanamaji Marekani aliyapata 1974. Miongoni mwa kundi hilo la kwanza alikuwamo Rosemary Mariner, aliyekuja kurusha jeti za kivita na baadaye kuongoza kikosi. Lakini kurusha jeti ni jambo moja, na kupangiwa kikosi cha vita baharini ni jingine. Mlango huo ulifunguliwa Aprili 1993 tu, Waziri wa Ulinzi Les Aspin alipoondoa katazo. Kabla ya hapo ilikuwa karibu muhali kwa mwanamke kuzipata zile saa 1,250 pamoja na sitaha, hata angekuwa rubani wa namna gani. Hakuhitajika mtu wa kumnyima kura. Hakufika kwenye kura.

Februari 2019, Mariner alipozikwa Tennessee, marubani wa kike wa Wanamaji walipita juu ya makaburi na jeti zao kumpa heshima za mwisho, mara ya kwanza kwa jeshi hilo kufanya hivyo kwa wanawake watupu. Lee alikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo hesabu ya haki haianzi 1946, inaanzia 1993. Kutoka hapo hadi 2022 ni miaka 29, na hii sasa haielezwi na katazo. Thunderbirds, timu ya Jeshi la Anga la Marekani, ilimtangaza Nicole Malachowski 2005, na msimu wa 2006 akawa angani na namba 3, miaka 13 baada ya mlango uleule kufunguliwa. Uingereza, Kirsty Moore aliruka na Red Arrows, timu ya maonyesho ya Jeshi la Anga la huko, msimu wa 2010. Blue Angels wenyewe walimchagua Kapteni Katie Higgins wa Marine mwaka 2014, lakini kwa ajili ya ndege yao ya mizigo ya C-130, Fat Albert, si kwa jeti.

Sababu moja ya kuchelewa ni udogo wa kundi la kuchagulia. Wanawake waliokuwa kwenye jeti za manowari walikuwa wachache, na kati yao wale waliotimiza saa, wenye umri na muda unaolingana, wakaamua kuomba, walikuwa wachache zaidi. Ukichukua nafasi mbili hivi kwa mwaka na waombaji wengi wanaume, miaka mingi inaweza kupita bila mabadiliko hata kama hakuna mtu mwenye nia mbaya.

Lakini sitaishia hapo, kwa sababu kura ya kauli moja ina udhaifu wake, nao ni mkubwa. Chombo kinachomtafuta "anayefanana nasi" kinaweza kuchanganya kuaminika na kufanana. Mwaka huohuo wa 2014, uchunguzi wa Jeshi la Wanamaji ulimtia hatiani kamanda wa zamani wa timu hiyo kwa kuruhusu mazingira ya kazi yenye mizaha ya kingono na picha za aibu, akapewa karipio la maandishi. Mwaka 2023 Jeshi la Anga la Uingereza lilichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu Red Arrows, yakaonyesha mwenendo usiokubalika uliokuwa umeenea, wanawake wakiwa waathirika. Timu ndogo, yenye sifa kubwa, inayojichagulia watu wake na kuishi pamoja barabarani, ina kila kitu kinachohitajika ili tabia mbaya igeuke kuwa desturi. Mwanamke anayetafakari kuomba huyaona hayo. Wapo ambao huenda hawakuomba kabisa, na hao hawaonekani kwenye hesabu ya waliokataliwa.

Hapa kuna kinga moja ambayo watu huipita bila kuiona: Bosi hachaguliwi na timu. Lazima awe na saa 3,000 na awe amewahi kuongoza kikosi cha jeti, na anayemteua ni mkuu wa mafunzo ya urubani wa Wanamaji. Hivyo maofisa hujichagulia wenzao, ila mtu anayeweka hali ya chumba, anayeamua mzaha gani unakatwa na kosa gani linasemwa, anatoka juu na nje yao. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mzito kuliko wote katika mfumo mzima. Kura ya kauli moja chini ya Bosi mzuri ni kipimo cha usalama. Chini ya Bosi mbaya ni kufuli.

Baada ya kura

Kuchaguliwa hakumfanyi mtu kuwa rubani wa onesho. Mazoezi huanza Pensacola mwishoni mwa mwaka, kisha Januari timu huhamia El Centro, California, jangwani, kwenye anga isiyo na msongamano. Huko huruka mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, hadi kila rubani anapofikisha safari kama 120. Huanza na ndege mbili tu, zikiwa mbali na juu. Kidogo kidogo zinasogezwa karibu, zinashushwa chini, zinaongezwa. Mikono yenye saa 1,250 inajifunza upya, kwa sababu hakuna kikosi cha vita kinachokufundisha kuvuta kilo 18 mfululizo huku ukitazama skrubu za ndege ya mwenzako. Machi 2023 Lee alifungua msimu akiwa namba 3, bawa la kushoto. Na ilipofika Julai ya mwaka huo alikuwa mmoja wa maofisa wanaoketi kuamua nani aingie, akiwa na kura ambayo peke yake inatosha kumzuia mtu.

Hiyo yote bado ni mlango wa mwisho. Wanafunzi wa urubani wa Wanamaji wanaopangiwa jeti hupelekwa Kingsville, Texas, au Meridian, Mississippi, kujifunza kwenye T-45 Goshawk. Mwanafunzi anayepangiwa helikopta badala ya jeti ni nadra sana afike kurusha namba 3, hata awe na tabia ya dhahabu. Anayepangiwa jeti akaanza leo, itamchukua miaka kadhaa kufikisha saa zinazotakiwa. Mtu akiniuliza timu ya miaka kumi ijayo itakuwa na nani, sitamwelekeza Pensacola. Nitamwambia aangalie orodha za Kingsville na Meridian za mwaka huu.